Ajali haina kinga, lakini uzembe una mwenyewe

Kila mechi kubwa ikiisha kuna shabiki mmoja ambaye kamera hazimuoni. Alifika uwanjani tangu saa sita mchana, kiingilio chake amelipa, jezi mpya mwilini. Pale getini watu wakaanza kubanana. Geti moja limefunguliwa, mengine yana kufuli, na nyuma umati unazidi kusukuma kwa sababu ndani mpira unakaribia kuanza. Akateleza, akakanyagwa. Usiku timu yake inashangilia mitaani, yeye yuko wodini na mkono umefungwa hogo.

Kesho yake wanakuja ndugu, jirani na mwenyekiti wa tawi. Kila mmoja ana sentensi ileile: "Pole sana, ajali haina kinga." Anaitikia, anashukuru. Wiki mbili baadaye anauza simu ili alipie kipimo cha pili. Kibarua kimeota nyasi maana fundi rangi hapandi ngazi kwa mkono mmoja. Na timu yake inajiandaa na mechi nyingine, kwenye uwanja uleule, kupitia geti lilelile.

Methali ile haina kosa. Kosa ni kwamba soka la Bongo limeigeuza kuwa wakili wa utetezi. Ngazi ikivunjika, ajali. Geti likigoma kufunguka watu wakakanyagana, ajali. Ukuta ukianguka, mapenzi ya Mungu. Hakuna anayeuliza ngazi ile ilikaguliwa lini, ufunguo wa geti ulikuwa kwa nani na ukuta ule ulikuwa na ufa tangu msimu gani. Maswali hayo matatu ndiyo yanayotenganisha ajali na uzembe, na uzembe, tofauti na ajali, una mwenyewe. Mwenyewe huyo anaweza kupelekwa mahakamani na akalipa.

FAINALI INAYOKUMBUKWA KWA MABAO

Mei 28, 2023 ni tarehe ambayo shabiki wa Yanga haisahau. Ilikuwa fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika, Kwa Mkapa, dhidi ya USM Alger. Waarabu walishinda 2-1. Yanga wakaenda Algiers wakashinda 1-0, kombe likaondoka kwa sheria ya bao la ugenini. Hayo yote shabiki anayajua kwa moyo, na vijiweni bado yanabishaniwa.

Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba siku ileile, kabla ya mpira kuanza, kulitokea msongamano wa kuingia uwanjani. Mtu mmoja alifariki na wengine 30 wakajeruhiwa, kwa mujibu wa taarifa ya Serikali. Huyo mmoja alitoka nyumbani kwenda kuangalia mpira.

Si Tanzania peke yake. Oktoba 23, 2010, Uwanja wa Nyayo, Nairobi, mashabiki saba walikufa kwenye mkanyagano wakati Gor Mahia ikicheza na AFC Leopards. Januari 24, 2022, wanane walikufa nje ya Uwanja wa Olembe, Yaoundé, Cameroon ilipocheza na Comoro kwenye AFCON. Mei 9, 2001, Accra, watu 126 walikufa baada ya mechi ya Hearts of Oak na Asante Kotoko. Kila mara zinatolewa salamu za rambirambi na inaundwa tume. Mjadala wa nani awalipe majeruhi na yatima huwa haufiki hata mapumziko.

NGAZI NAMBA 13

Anayetaka kujua mjadala huo unavyotakiwa kuchezwa aende Glasgow, Scotland, miaka zaidi ya hamsini nyuma.

Januari 2, 1971, Rangers waliwakaribisha Celtic kwenye Uwanja wa Ibrox mbele ya watu wapatao 80,000. Dakika za mwisho Jimmy Johnstone akaifungia Celtic, na kabla ya filimbi Colin Stein akasawazisha. Ikaisha 1-1. Watu wakaanza kutoka, wengi wakipitia ngazi moja ndefu yenye mteremko mkali, Ngazi namba 13. Mtu wa mbele akajikwaa, waliokuwa nyuma wakamlalia, na wengine wakawaangukia hao. Walikufa 66. Watano kati yao walikuwa vijana marafiki wa mji mdogo mmoja, Markinch.

Mara moja ikazuka stori kwamba mashabiki wenyewe ndio chanzo. Kwamba waliokuwa wameshatoka waliposikia shangwe za bao la Stein waligeuka kurudi, wakagongana na waliokuwa wanashuka. Ilikuwa stori tamu, ikaenea dunia nzima. Uchunguzi ukaikataa. Watu wote walikuwa wanakwenda upande mmoja, wanashuka, na ngazi ndiyo iliyowashinda.

Halafu mjane wa mmoja wa marehemu akafanya jambo ambalo mji mzima haukulitegemea. Akaishtaki Rangers. Klabu iliyokuwa dini ya Glasgow, inashtakiwa na mke wa shabiki wake.

Kilichoiangusha klabu mahakamani hakikuwa machozi ya mjane. Ilikuwa historia ya ile ngazi. Mwaka 1961 watu wawili walikufa hapohapo. Mwaka 1967 watu wakaumia. Mwaka 1969 wakaumia tena. Klabu ilikuwa inajua, ilikuwa na muda, ilikuwa na uwezo, na haikuchukua hatua ya maana kuondoa hatari. Mwaka 1974 hakimu alisema Rangers walikuwa na kosa, na mjane yule akapewa fidia ya zaidi ya pauni 26,000, pesa ndefu kwa wakati ule. Madai ya familia nyingine yakafuata mlango aliofungua.

Mwaka 1975 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya usalama wa viwanja vya michezo. Viwanja vikubwa vikaanza kuhitaji cheti cha usalama. Rangers nao wakaubomoa uwanja wao sehemu kubwa na kuujenga upya kati ya 1978 na 1981, mashabiki wakikaa kwenye viti. Mjane mmoja hakuleta hayo yote peke yake, lakini alisaidia kuweka bei kwenye jambo ambalo awali lilikuwa la bure, yaani kupuuza ngazi mbovu.

MASWALI MANNE YA MAHAKAMA

Mashabiki wengi wanadhani ukiumia kwenye eneo la mtu, basi unalipwa. Wengine wanadhani hulipwi kamwe. Wote wako offside.

Tanzania haikuanza upya kwenye sheria hii. Kupitia Sheria ya Matumizi ya Sheria na Mahakama, Sura ya 358, nchi ilipokea misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza, na suala la uzembe liko humo. Msingi wenyewe ulipata jina kubwa mwaka 1932, kwenye kesi ya mwanamke wa Scotland aliyelalamika kwamba ndani ya chupa yake ya soda ya tangawizi mlikuwa na konokono aliyeoza. Majaji wa Uingereza wakasema kila mtu ana wajibu wa kuchukua tahadhari kwa jirani yake. Na jirani, kwa lugha ya majaji, si wa nyumba ya pili. Ni yeyote ambaye mtu mwenye akili timamu angejua kwamba ataumia asipokuwa makini.

Kwa hiyo shabiki aliyeumia anatakiwa kujibu maswali manne, na yote yajibike.

La kwanza: je, anayedaiwa alikuwa na wajibu kwake? Hili kwa shabiki aliyelipa kiingilio ni jepesi. Amealikwa, pesa yake imepokelewa.

La pili: je, wajibu huo ulivunjwa? Hapa ndipo mechi inapochezwa. Mahakama haidai uwanja usio na hatari hata kidogo. Inadai tahadhari ambayo mwendesha uwanja makini angechukua. Je, hatari ilijulikana au ilitakiwa kujulikana? Je, kuiondoa kulikuwa na gharama gani ukilinganisha na madhara yake? Kufungua mageti yote saa tatu kabla ya mchezo hakuna gharama ya kutisha.

La tatu: je, uvunjaji huo ndio uliomuumiza? Kama reli ya ngazi ilikuwa imevunjika lakini shabiki aliangukia upande mwingine baada ya kusukumwa na mlevi, reli ile haimsaidii kwenye kesi.

La nne: je, ameumia kweli na kupata hasara inayoweza kuthibitishwa? Gharama za matibabu, mshahara uliopotea, maumivu, ulemavu. Hasira peke yake haihesabiwi.

Swali moja likikosa jibu, kesi imeisha. Kwa hiyo yule wa kijiweni anayemwambia majeruhi "wewe nenda tu mahakamani utalipwa" anamdanganya kama vile anayemwambia ajali haina kinga.

SI KILA MAUMIVU NI KESI

Mwaka 1951 majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliamua kesi ya mwanamke aliyekuwa amesimama barabarani, nje ya uwanja wa kriketi, mpira ukatoka ndani ukampiga. Alishindwa. Sababu ilikuwa hesabu. Kwa takriban miaka 30 mpira ulikuwa umevuka na kutoka nje mara sita hivi, na uwanja ulikuwa na uzio. Hatari ilikuwepo, ila ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba mtu makini angeweza kuiacha.

Ukiiweka kesi hiyo pembeni ya Ibrox, tofauti inaonekana waziwazi. Mpira wa kriketi ulitoka mara chache katika miaka 30 bila balaa kubwa. Ngazi namba 13 ilikuwa imeua na kujeruhi mara tatu ndani ya miaka kumi.

Vivyo hivyo kwa mpira wa miguu. Shabiki aliyekaa nyuma ya goli akapigwa na shuti la Aziz Ki lililopaa hana kesi ya maana. Amekwenda kuangalia mpira, na mpira hupaa. Jirani akirukaruka kwa furaha ya bao na kumkanyaga kidole, hiyo ni sehemu ya starehe aliyoilipia. Hatari ambazo ni za mchezo wenyewe shabiki anazikubali kwa kuingia. Asichokikubali ni paa kumuangukia, maana paa si sehemu ya mchezo.

Na shabiki naye ana kadi zake. Aliyepanda ukuta kukwepa kiingilio akaanguka, kinga yake mbele ya sheria ni ndogo sana kuliko ya aliyepita getini na tiketi. Aliyepanda nguzo ya taa ili aone vizuri, au aliyeng'ang'ania kupita mahali palipofungwa na kuzuiwa, anaweza kushinda kesi na bado akapunguziwa fidia, kwa sababu mahakama hugawa lawama. Ukiwa na makosa kwa theluthi moja, fidia inapungua kwa theluthi moja.

Hii ndiyo sababu stori za "mashabiki walijitakia" huwa zinatoka haraka sana baada ya kila janga. Hillsborough, Aprili 15, 1989, nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest, polisi walisema mashabiki wa Liverpool walivunja geti. Ukweli ni kwamba geti lilifunguliwa kwa amri ya polisi wenyewe, na umati ukamiminika kwenye sehemu iliyokuwa tayari imejaa. Waliopoteza maisha ni 97. Iliwachukua familia hadi 2016 kusikia baraza la wazee wa mahakama likisema waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na mchango katika hatari ile. Miaka 27 ya kusafisha jina. Anayetupa lawama kwa mashabiki siku ya kwanza mara nyingi anajua anachokikwepa.

NANI ANASHTAKIWA?

Hapa ndipo soka la Tanzania linapokuwa na danadana nyingi. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, ni mali ya Serikali. Viwanja vingi vya mikoani, kama CCM Kirumba, Sokoine, Jamhuri na Majimaji, ni vya Chama Cha Mapinduzi. Azam wana Chamazi yao. Siku ya mechi mwenyeji ni klabu, ligi ni ya Bodi ya Ligi, tiketi zina kampuni yake, ulinzi ni wa polisi na wasimamizi wa mageti. Mtu akivunjika mguu, kila mmoja ananyoosha kidole kwa mwenzake.

Sheria ina jibu, na si gumu. Haiangalii hati ya kiwanja peke yake. Inauliza nani alikuwa na udhibiti wa eneo wakati ule. Na udhibiti unaweza kuwa wa watu wawili au watatu kwa pamoja. Mwenye uwanja anawajibika kwa ukuta, paa na ngazi. Mwenye mechi anawajibika kwa idadi ya watu aliowauzia tiketi, mageti aliyoyafungua na wasimamizi aliowaweka.

Mfano hai ni Bradford. Mei 11, 1985, Bradford City ikicheza na Lincoln City, moto uliwaka chini ya jukwaa la mbao ambako takataka zilikuwa zimejikusanya kwa miaka. Watu 56 walikufa. Klabu ilikuwa imeshaonywa kwa barua kuhusu hatari ya moto. Mwaka 1987 mahakama iligawa lawama: klabu theluthi mbili, halmashauri iliyokuwa na dhamana ya zimamoto theluthi moja. Na mmoja wa waliofungua madai alikuwa polisi aliyekuwa kazini siku ile. Haki haikuwa ya mwenye tiketi peke yake. Muuza karanga, mwokota mipira, mwandishi na askari, wote waliokuwemo kihalali wana nafasi yao.

Kwa hiyo ile danadana ya "si sisi, ni wao" haimuui mdai. Mahakama inaweza kuwashika wote na kuwagawia.

TIKETI NI MKATABA

Kuna silaha nyingine ambayo shabiki anaitupa chini kila wiki bila kujua, nayo ni tiketi.

Cheltenham, England, karne ya 19, watu walikwenda kuangalia mbio za farasi. Jukwaa la muda likaporomoka. Mtazamaji mmoja aliyelipa kiingilio akaumia akashtaki. Mwandaaji akajitetea kwamba yeye binafsi hakuwa mzembe, aliajiri mafundi wazuri, na kasoro hakuijua. Mwaka 1870 mahakama ikamkatalia. Ilisema anayepokea pesa za kiingilio anatoa ahadi ndani yake, hata kama haijaandikwa, kwamba jukwaa limejengwa kwa uangalifu wa kutosha kubeba watu. Fundi akizembea, hilo ni baina ya mwandaaji na fundi wake.

Kesi hiyo ina zaidi ya miaka 150, ila inagusa kila jukwaa la vyuma linalofungwa haraka kwa ajili ya bonanza na kila mabomba yanayoitwa "VIP" kwenye viwanja vya mtaani. Shabiki aliyelipa anaweza kudai kwa njia mbili: uzembe, na kuvunjwa kwa mkataba.

Na yale mabango ya "Ingia kwa hatari yako mwenyewe"? Wengi wakiyaona wanajua mchezo umeisha. Haujaisha. Kenya wana sheria mahsusi ya wajibu wa mwenye eneo, Sura ya 34, na inasema onyo peke yake halimwokoi mwenye eneo mpaka liwe linatosha kumwezesha mgeni kuwa salama. Bango linalosema "shimo liko hapa, pita kulia" linasaidia. Bango linalosema "tusilaumiane" halimwonyeshi mtu shimo liko wapi. Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye eneo ajue kwamba watoto hawana umakini wa watu wazima. Hilo ni jambo la kukumbukwa na kila klabu inayotangaza kwamba watoto wanaingia bure.

SAA INAHESABU

Haki hizi zina dakika 90 zake. Tanzania, madai ya uzembe yanatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka mitatu, na ya mkataba ndani ya miaka sita, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Kwa kuwa uwanja mkubwa kuliko yote nchini ni wa Serikali, kuna kigingi kingine: anayetaka kuishtaki Serikali anatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kwenye kesi, inayokwenda Mahakama Kuu. Kenya ni pagumu zaidi: madai ya uzembe dhidi ya Serikali yana miezi 12 tu, wakati dhidi ya mtu binafsi ni miaka mitatu.

Ukiruka hatua hizo, kesi inatupwa hata kama mguu wenyewe haupo. Na aliyefariki, haki yake haifi naye. Mke, mume, watoto na wazazi waliokuwa wanamtegemea wanaweza kudai.

Ushahidi nao unaanza siku ileile, si siku ya kumuona wakili. PF3 kutoka polisi. Cheti na risiti za hospitali, hata ya shilingi elfu mbili. Tiketi, au kumbukumbu ya malipo kwenye N-Card, maana inaonyesha aliingia lini na alilipa. Picha ya ngazi ile kabla haijapakwa rangi wiki inayofuata. Namba za simu za watu wawili waliokuwa pembeni. Mashabiki wa siku hizi wanarekodi kila kitu, kuanzia kona mpaka mchezaji anavyofunga kamba za viatu. Geti lenye kufuli nalo lirekodiwe.

Pesa ya wakili ni kikwazo cha kweli, hakuna haja ya kujidanganya. Hata hivyo nchi ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kwa ajili ya wasio na uwezo, na majeruhi 30 wa tukio moja wakienda pamoja wanabeba mzigo mwepesi kuliko mmoja mmoja.

"UTAISHTAKI TIMU YAKO?"

Hoja inayowazima wengi haiko kwenye vitabu vya sheria. Iko tawini. Shabiki anayeipeleka klabu yake mahakamani ataitwa msaliti, mamluki, ametumwa na watani. Na kuna hoja ya pili yenye uzito: klabu nyingi za ligi hazina pesa. Fidia moja kubwa inaweza kuiua timu inayosafiri kwa basi la kukodi na kulipa mishahara kwa kuchelewa.

Hoja ya kwanza ni ya kihisia, na Glasgow imeshaijibu. Rangers hawakufa kwa kushtakiwa na mjane. Waliokufa ni 66 waliopita kwenye ngazi ambayo hakuna aliyeishtakia mapema ikarekebishwa.

Hoja ya pili inajibiwa kwa neno moja ambalo kwenye mikutano ya soka hutajwa kwa basi la timu na mara chache kwa jukwaa: bima. Bodaboda anatakiwa kuwa na bima kwa ajili ya mtu atakayemgonga. Inawezekanaje anayekusanya watu 60,000 mahali pamoja asiulizwe bima ya waliomo? Klabu ndogo haiwezi kulipa fidia kubwa, lakini sehemu ndogo ya kila kiingilio inaweza kulipia bima ya wote walioingia. Na kampuni ya bima haitoi pesa yake kipofu. Itatuma mtu wake kukagua ngazi, kuhesabu mageti na kuuliza funguo anazo nani.

Bodi ya Ligi na TFF wana kanuni za leseni za klabu na wamekuwa wakifungia viwanja visivyokidhi vigezo. Hilo ni jema. Lakini kelele zinazosikika zaidi ni za nyasi: sehemu ya kuchezea ina mabonde, mpira hautambai, mchezaji ataumia. Ni sahihi, mchezaji alindwe. Ila wachezaji ni 22 na jukwaani wako maelfu. Kigezo kisome hivi: hakuna bima ya mashabiki, hakuna mpango wa mageti ulioandikwa na kusainiwa na mtu mwenye jina, hakuna mechi.

CAF nao wana adhabu zao. Kwenye CHAN ya Agosti 2025, baada ya mashabiki kuvamia mageti Kasarani, Kenya ilipigwa faini na idadi ya watazamaji ikapunguzwa. Hatua kama hizo zinasaidia kuleta nidhamu. Lakini faini ya CAF inakwenda CAF. Haimfikii aliyevunjika mbavu. Njia pekee inayomlipa aliyeumia ni fidia, na fidia haiji kwa kungojea huruma.

AFCON 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Vinajengwa viwanja vipya, viti vinang'aa, paa za kisasa. Wageni watakuja na bima zao na mawakili wao, na wakiumia hawataambiwa ajali haina kinga, maana hawataielewa hata ikitafsiriwa. Shabiki wa Temeke, Kisumu na Masaka anastahili ulinzi uleule, kwenye mechi ya AFCON na kwenye mechi ya Jumatano saa kumi isiyoonyeshwa popote.

Yule majeruhi wa wodini, mwenyekiti wa tawi akija tena kumjulia hali na ile methali mdomoni, amwitikie vizuri, ni mgeni. Halafu amuulize swali moja tu: geti lile lilikuwa na kufuli, ufunguo ulikuwa kwa nani?